Nahodha wa Kilwa Hayumo

Wazee wengi wa mwambao wetu, kuanzia Kilwa Kivinje hadi Lindi mjini, wakisikia ikitajwa michezo ya video hukunja uso, kwa kuwa wanachokiona ni vijana waliojazana katika vibanda vya gemu saa za masomo, fedha zikiteketea na macho yakiumia. Na mzazi aliyechukizwa na hayo hana lawama. Walakini dharau humzuia mtu asikikague kile anachokidharau, na katika michezo hii limo jambo ambalo sisi watu wa Kilwa na Lindi tunapaswa kulikagua kwa utulivu: kwamba bahari yetu, ile ile iliyowatajirisha masultani wa Kilwa Kisiwani na kuwaleta kwetu Waarabu, Wahindi na Wareno, ilikwisha kugeuzwa mchezo na Wajapani zamani, mchezo huo ukachezwa na watu wa mataifa mengi kwa zaidi ya miaka thelathini, na ndani yake nahodha wa Kilwa hayumo. Rai yangu ni kwamba kukosekana huko ni hasara ya kweli, na kwamba dawa yake imo mikononi mwetu kuliko ilivyo mikononi mwa Wajapani.

Mchezo ninaoukusudia ni wa aina ile ambayo mchezaji huvaa nafsi ya mtu wa hikaya, akasafiri, akapambana, akachuma, na kadiri masimulizi yanavyoendelea akazidi maarifa na uwezo. Asili ya aina hiyo ni Marekani, ambako ilichezwa mezani kwa karatasi na dadu. Lakini Wajapani ndio walioipa mwendo wa riwaya na kuiingiza majumbani. Tarehe 27 Mei 1986 kampuni ya Enix ilitoa Dragon Quest, mtungaji wake akiwa Yuji Horii, mchoraji Akira Toriyama, na mtunzi wa muziki Koichi Sugiyama. Mwezi wa Desemba mwaka uliofuata kampuni ya Square ikatoa Final Fantasy, kazi ya Hironobu Sakaguchi. Sehemu ya tatu ya Dragon Quest ilipotoka mwezi Februari 1988, watoto kwa mamia walikamatwa na polisi kwa kutoroka shule ili wapange foleni madukani. Na tarehe 23 Julai 2021, siku ya ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki mjini Tokyo, gwaride la wanamichezo wa mataifa yote, wa Tanzania wakiwamo, lilifunguliwa kwa muziki wa Dragon Quest. Taifa lenye ngoma na nyimbo za kale zisizo na idadi, lilipotaka kujionyesha mbele ya ulimwengu, lilichagua muziki wa mchezo. Hapo ndipo ulipofika upuuzi wa watoto.

Mfululizo unaotuhusu sisi, hata hivyo, hauna majoka wala wachawi. Una mashua, bidhaa na upepo. Watunzi wake ni nyumba ya Koei, iliyoanzishwa mwaka 1978 katika mji wa Ashikaga na Yoichi Erikawa pamoja na mkewe, Keiko, na biashara yao ya awali haikuwa michezo hata kidogo, ilikuwa rangi za kutilia nguo. Mwaka 1980 Keiko alimzawadia mumewe kompyuta. Mwaka uliofuata mume akatunga mchezo wa vita vya kale vya Japani, na mwaka 1983 akatoa mwingine juu ya mtemi Oda Nobunaga, ambao jina lake limedumu hadi leo. Kisha mwaka 1990 Koei wakaipa kisogo nchi kavu wakatoa Daikōkai Jidai, mchezo unaojulikana nje ya Japani kwa jina la Uncharted Waters. Sehemu ya pili ilitoka mwaka 1993, ya tatu mwaka 1996, ya nne mwaka 1999. Mwaka 2005 ukaja wa mtandaoni, ambao maelfu ya watu huweza kusafiri pamoja katika bahari moja. Na mwaka 2022 ukatoka mwingine mpya uliotengenezwa Korea ya Kusini, ambako mfululizo huu una wapenzi wengi.

Katika sehemu ya pili, ambayo kwangu mimi ndiyo iliyo bora, mchezaji huanza safari mwaka 1522 akiwa amechagua mmoja katika mabaharia sita: João Franco, kijana wa Lisbon, Catalina Erantzo, mwanamke wa Kihispania aliyegeuka haramia, Otto Baynes, Mwingereza, Ernst, mjuzi wa ramani wa Amsterdam, Pietro Conti, Mwitalia mwenye madeni, na Ali Vezas, yatima wa Istanbul anayejitafutia riziki kwa biashara. Hununua bidhaa inakopatikana kwa bei ya chini akaiuza inakotafutwa. Hupakia maji na chakula, na akighafilika mabaharia wake huugua na kufa. Hutia mali katika bandari ya kigeni hata bandari hiyo ikaegemea upande wa mfalme wake. Na sifa zake hupimwa kwa mizani tatu, ya biashara, ya uvumbuzi na ya vita. Yeyote aliyeucheza kwa bidii, awe ni wa Osaka, wa Seoul au wa Chicago, alihitimu akijua Hormuz iko wapi, pilipili hutoka wapi, na ni siku ngapi za kiu zilizopo kati ya Rasi ya Matumaini Mema na bandari ya kwanza ya mashariki, wala hakuna mwalimu aliyemchapa kiboko ili ayajue hayo.

Mwambao wetu umo katika mchezo huo. Upande wa kusini zimo Sofala, Quelimane na Msumbiji. Upande wa kaskazini zimo Mombasa, Malindi na Mogadishu. Na katikati, palipo Kilwa, Lindi na Mikindani, nahodha hupita pasi na mahali pa kutia nanga. Mtu asiyejua habari za pwani hii ataona pengo hilo na kudhani kwamba hapakuwa na kitu, ilhali palikuwa na mji ambao Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331 na ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kuona miji mingi ya Uislamu, aliuhesabu miongoni mwa miji mizuri kabisa.

Atakayeitafuta sababu nadhani ataipata katika tarekhe ya Wareno. Pedro Álvares Cabral alifika Kilwa mwaka 1500 asielewane na Sultani Ibrahim. Vasco da Gama alikuja mwaka 1502 akatoza kodi kwa vitisho vya mizinga. Na mwezi Julai 1505 Francisco de Almeida akauteka mji, akauachia askari wake wauteke nyara, akajenga ngome na kumweka mtawala amtakaye. Mwaka 1512 Wareno waliiacha ngome ile wakaenda zao, kwa kuwa biashara waliyoijia ilikuwa imekwisha kuwakimbia. Malindi, iliyompokea da Gama kwa wema mwaka 1498, ilibaki katika vitabu vyao kama rafiki; Sofala na Msumbiji zilibaki kama vituo vyao; na Kilwa, iliyovunjwa na kuachwa, ikafifia. Ukianza kuhesabu dunia mwaka 1522, ukiwa na vitabu vya Mreno mkononi, ni rahisi sana kuipita Kilwa usiku bila kuitambua. Wajapani hawakutudhulumu, waliazima kumbukumbu ya mtu aliyetuvunja, na kumbukumbu yake ilikuwa na tundu pale pale alipopiga.

Pengine msomaji atauliza kwamba jina likiwamo au lisipokuwamo katika mchezo, kuna faida gani na kuna hasara gani. Jibu langu ni kwamba mchezo hufundisha kwa kanuni zake kuliko unavyofundisha kwa maneno. Mtu aliyekulia barazani anajua kuwa bao lina namua na mtaji wake, na kwamba hakuna anayemhutubia mchezaji juu ya subira. Kanuni zenyewe humlazimisha kuhesabu mbele kabla ya kugusa kete, na baada ya miaka tabia hiyo huwa yake. Hali kadhalika mchezo wa Koei, ambao kwa ustadi wake ninauheshimu, humzoeza mchezaji mambo fulani kimya kimya: kwamba safari huanza Ulaya au Istanbul na mashariki ni mahali pa kufikiwa, kwamba bandari ya watu wengine ni kitu cha kuvutwa upande wako kwa fedha, kwamba mtu wa mwambao wetu kazi yake ni kusimama sokoni akingoja nahodha wa mbali aje kuuliza bei. Hakuna sentensi hata moja iliyosema hivyo, na kwa sababu hiyo hakuna anayeipinga.

Sasa natufikiri mchezo kama huo ungekuwaje kama nahodha wake angetweka tanga kutoka Kisiwani. Kanuni yake ya kwanza ingekuwa upepo. Jahazi la Uarabuni au la Bara Hindi liliteremka kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na Kilwa ilikuwa ndiyo bandari ya mbali zaidi upande wa kusini ambayo chombo kiliweza kuifikia na kurejea kwao ndani ya mwaka mmoja. Kilichotaka kuendelea mpaka Sofala, kwenye dhahabu, msimu ulikipungukia, kikabidika kungoja. Ndiyo maana dhahabu ya Sofala ililetwa na kukusanywa Kilwa, na masultani wakatoza ushuru katika kuingia na katika kutoka. Kungoja huko ndiko kulikojenga mji, kwa sababu mfanyabiashara anayekaa miezi ughaibuni anahitaji nyumba ya kukaa, mdhamini wa kumwamini, kadhi wa kumwamulia, msikiti wa kuswalia, na aghalabu mke. Katika mchezo wa Wajapani mwenye haraka hushinda. Katika mchezo wa Kilwa mwenye haraka angefilisika, na mali iliyo kubwa kuliko zote ingekuwa jamaa na uaminifu, vitu ambavyo mizinga ya Almeida ilivitafuta mjini isivione.

Mwanzo wa hikaya nao upo tayari, wala hapana haja ya kuubuni. Khabari za Kilwa, tarekhe ya kale ya mji wenyewe, zasimulia kwamba mgeni wa kwanza kutawala, aliyetoka upande wa Shirazi, alikinunua kisiwa kwa mwenyeji wake kwa thamani ya nguo za kutosha kukizunguka chote. Na masimulizi ya Kisiwani humwita mwenyeji huyo Mrimba. Kweli au si kweli, tarekhe gani ya mji wa biashara ingepata mwanzo ulio bora kuliko huo, ambao mji mzima ni bei, na bei yenyewe ni nguo zilizotandazwa ufukoni? Na ni sadfa ya kupendeza kwamba nyumba iliyoutungia ulimwengu mchezo wa biashara ya bahari ilianza maisha yake kwa kuuza rangi za nguo.

Baada ya mwanzo huo, vitu vya kutia katika mchezo vimejaa ardhini. Iko Husuni Kubwa, kasri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa vipawa vyake, yenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la pembe nane linalotazama bahari. Uko Msikiti Mkuu uliopanuliwa mara kwa mara hata ukawa na kuba juu ya kuba. Zimo sarafu za shaba ambazo upande mmoja hutaja jina la sultani na upande wa pili humtaja Mola, maneno ya pande mbili yakiwa na vina vinavyopatana, yaani fedha yenyewe ilikuwa na ushairi ndani yake. Moja ya sarafu za al-Hasan imeokotwa Zimbabwe Kuu, na tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mahali ambapo mpaka leo wataalamu wanajadiliana zilifikaje. Neville Chittick alichimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kuyaandika aliyoyaona katika juzuu mbili mwaka 1974. UNESCO iliyaingiza magofu ya Kisiwani na Songo Mnara katika urithi wa dunia mwaka 1981. Ushahidi haukosekani. Kinachokosekana ni mtu wa kuufanya usimame na kutembea.

Nitahadharishe hapa dhidi ya jambo moja, maana mtu anayedai kusimulia habari zake mwenyewe hushawishika kuzisafisha. Mwaka 1776 Mfaransa aliyeitwa Morice alipatana na Sultani wa Kilwa kwa mkataba wa kupatiwa watumwa elfu moja kila mwaka. Na katika karne iliyofuata Kilwa Kivinje ilikuwa miongoni mwa milango mikubwa ambayo watu wa pande za Ziwa Nyasa walitolewa wakiwa katika minyororo, wakasafirishwa kwenda Unguja na kwingineko. Mchezo wa biashara una hatari yake ya asili, kwa kuwa humfanya mchezaji aone kila kitu kuwa shehena, na shehena kuwa tarakimu ya faida. Mchezo wa Kilwa utakaotaja dhahabu na pembe ukanyamaza juu ya watu utakuwa umesema uongo mkubwa kuliko tundu la ramani ya Wajapani. Na sisi tuna mfano wa usemi usiojificha: Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, alipoutunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, aliandika juu ya msiba wa karibu, watu wake mwenyewe wakiwamo ndani, wala hakungoja mgeni aje kuupanga kwa niaba yake.

Wapo watakaosema kwamba Kilwa imekwisha kuingia katika michezo, na watakuwa wamesema kweli, kwani mwezi Februari 2018 Wamarekani wa Firaxis waliitia Kilwa Kisiwani katika Civilization VI, ikiwa moja ya majengo ya ajabu ya ulimwengu. Heshima hiyo tuipokee kwa shukrani, na ni lazima tukiri kwamba watungaji walisoma, maana faida ya jengo hilo katika mchezo hutokana na urafiki na miji huru ya biashara, jambo lililo karibu sana na kweli. Lakini tazama jinsi lilivyowekwa: mtawala yeyote wa mchezo, awe Mjapani, Mjerumani au Mskoti, aweza kulisimamisha katika pwani yake mwenyewe akijaliwa nafasi na mali. Mawe ya Kilwa yamepata safari ya kwenda kila mahali, na walioyachonga wameachwa nyuma.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ya gharama, nayo siipuuzi. Michezo mikubwa ya leo hutengenezwa na watu mamia kwa miaka, na Halmashauri zetu zina madarasa ya kuezeka na visima vya kuchimba. Lakini mtu asitazame ukubwa wa leo akasahau udogo wa jana. Mchezo wa kwanza wa Erikawa ulitoka katika kompyuta moja ya zawadi, katika duka la rangi lililokuwa likisuasua. Na Afrika imekwisha kujaribu. Katika mji wa Yaoundé, nchini Kamerun, nyumba ya Kiro'o Games chini ya Madiba Olivier ilichangisha fedha kwa watu wa kawaida mwaka 2015, na mwezi Aprili 2016 ikatoa Aurion, mchezo wa hikaya uliofuata mtindo wa Kijapani lakini ukajengwa juu ya ngano na fikira za Kiafrika, umeme ukiwakatikia mara kwa mara katika kazi yenyewe. Vijana wetu wanaosomea kompyuta Dar es Salaam na Dodoma hawana upungufu wa akili kuwapita wale wa Yaoundé. Mchezo mdogo wa simu, wenye safari moja tu ya kutoka Kilwa kwenda Sofala na kurudi, wenye kaskazi, kusi, nguo, dhahabu na ushuru, si jambo la kuota.

Kabla ya hapo, hata hivyo, kuna kazi mbili ambazo hazihitaji kompyuta. Ya kwanza ni maarifa ya bahari yaliyomo vifuani mwa manahodha na wavuvi wa Kivinje, Masoko, Songo Mnara na Lindi: majina ya pepo na nyakati zake, nyota za kufuatia, miamba ya kuepuka, desturi za mkopo na mgawo wa chombo. Maafisa utamaduni wa wilaya, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waandike hayo sasa, kwa kuwa injini zimekwisha kuwafanya vijana wasiyahitaji, na mzee akiondoka huondoka nayo. Kanuni za mchezo wa Kilwa zimo humo. Hazimo katika kitabu chochote cha Mreno.

Kazi ya pili ndiyo iliyo nyepesi kuliko zote, na kwa hiyo ndiyo isiyo na udhuru. Khabari za Kilwa zilichapwa kwa Kireno na João de Barros mwaka 1552. Nakala yake ya Kiarabu imehifadhiwa London. Wataalamu wamezifasiri kwa Kiingereza na kuzijadili kwa miaka mingi. Mwanafunzi wa sekondari ya Kilwa Masoko anapaswa kuweza kununua kitabu chembamba cha Kiswahili, chenye khabari hizo pamoja na masimulizi ya wenyeji na maelezo ya mtaalamu, kwa bei isiyozidi ya daftari zake, na mkoa wa Lindi ukiamua kukigharimia hautalazimika kufunga hata zahanati moja. Bila kitabu hicho, kijana wetu atakayeketi kesho kutunga mchezo wa bahari atafanya kama walivyofanya Wajapani: atafungua vitabu vya Wareno, ataanzia Lisbon, na atapita mbele ya Kilwa bila kutia nanga.